Saini ya Kaltuma kwenye Ngozi Nyeupe

Hii ya leo nilipewa na Zilpa, yule fundi wa kushona aliyekuwa na cherehani hapo Kisii mjini, mlango kwa mlango na duka la Kaltuma. Zilpa ni mtu wa kutoka kule ziwani, mtu wa kanisa, uongo hana. Nilikuwa nimekaa kwake nangoja anipunguzie rinda, akaanza kunisimulia, na rinda lenyewe tukalisahau sisi wote wawili. Sogeeni basi. Wewe acha kumvutia mwenzako blanketi, sitaki kurudia.

Kaltuma alikuwa mama wa mjini, Mwislamu, na msichana wake mmoja, Fardosa, hata shule bado hajaanza. Yeye na bwana yake Ahmednoor walikuwa na duka la vitu vya michezo. Si vitu hivi hivi tu. Walikuwa wanauza jezi ya mchezaji, picha ya mkimbiaji, kiatu cha mtu aliyeshinda mbio, na juu yake saini ya mwenyewe, mtu anunue aweke ukutani wageni waone. Ahmednoor anakaa dukani. Wa kuzunguka viwanjani na mabarabarani kutafuta saini ni Kaltuma, na kikopo chake cha kalamu kwapani.

Sasa kwangu mimi kalamu ni kalamu tu. Lakini kwa Kaltuma kila kitu kilikuwa na kalamu yake. Mpira wa ngozi ni biro, uandike pole pole, kwa sababu maka peni, ile kalamu nene, itatawanyika hapo kama maji kwa vumbi. Jezi unaivuta kwanza juu ya kibao mpaka ikaze, unaandika na maka ya nguo, ikikauka unaweka kitambaa juu na kupitisha pasi. Picha inayong'aa unaipaka poda kidogo, unapangusa, ndio wino ushike. Kiatu cheusi kinataka ile ya rangi ya fedha, unaitikisa mpaka kigololi cha ndani kilie. Na hakuna kalamu alimpa mtu kabla hajaijaribu kwa kitambaa kibovu.

"Mtu amenipa jina lake," alikuwa akimwambia Zilpa. "Nikimpa kalamu mbaya, jina litafifia. Huo si ni wizi?"

Ahmednoor alikuwa akimcheka. "Mama Fardosa, utazikwa na kikopo hicho." Lakini kicheko kilikuwa na kitu ndani. Kaltuma alikuwa amekataa mambo mengi. Amekataa saini ya kuigiza. Amekataa kuuza picha ya mtu ambaye hakuulizwa. Mwanamume akikataliwa sana na mtu ambaye yuko sawa, anaanza kumchukia kimya kimya.

Siku moja Ahmednoor akarudi kutoka soko la Birongo na ngozi nyeupe imekunjwa, laini kama sikio la mbuzi.

"Nataka uandike jina lako hapa, mama," akasema. "Tutaitundika juu ya mlango. Watu wajue duka ni la nani."

Kaltuma akafurahi, maskini. Miaka yote hiyo anakusanya majina ya watu, hakuna aliyewahi kumwomba lake.

"Andika na ile isiyotoka," bwana yake akasema. "Isiyotoka kabisa. Hata kwa maji, hata kwa jua. Wewe ndiye unajua."

Akakaa na hiyo ngozi mchana kutwa. Akajaribu kalamu hii pembeni, akaisugua na kidole kilicholowa, ikatoka. Akajaribu nyingine, ikatawanyika. Mwishowe akapata moja nyembamba nyeusi ambayo hata mafuta ya taa haikujali. Akaandika: Kaltuma. Na hapo ndipo kidogo akashtuka, kwa sababu wino wa kalamu ile huwa unangoja kidogo ukauke, lakini huo ulikauka mara moja, kama ngozi imeunywa. Tena ikatoka harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi. Akatazama huku na huku, hakukuwa na ndizi.

Ngozi haikutundikwa mlangoni. Alipouliza, Ahmednoor akasema iko kwa fundi wa fremu.

Haikupita wiki, Kaltuma akapanda kilima cha Manga kwa mzee Ogari, aliyekuwa mkimbiaji zamani, kumwomba asaini picha yake. Mzee akamtazama kama anayetaniwa.

"Mama, umesahau nini? Si jana ulikuwa hapa? Ukanywa chai, ukamwambia mke wangu mahindi yameota vizuri."

"Jana sikutoka mjini, mzee."

"Basi ni dada yako. Kitambaa cha kichwa ni hicho hicho. Na hiyo alama ya kuungua kwa mkono."

Kaltuma akaficha mkono. "Alikusainisha na nini?"

"Na limaka kubwa nyeusi. Nikamwambia hii itachafua picha. Akacheka tu."

Aliporudi dukani akaipata picha ya Ogari kwa kabati la kioo, tayari ina bei. Saini ni ya mzee kweli, lakini wino ulikuwa umeteleza juu ya ule mng'ao, umechafuka mpaka kwa shavu la picha. Hakuna poda iliyopakwa. Ndipo akaogopa kweli, kwa sababu kitambaa mtu anaweza kununua kama chako, na hata alama anaweza kujichoma, lakini kazi hiyo haikuwa ya mkono wake.

"Nani alileta hii?" akamuuliza bwana yake.

"Si wewe?" Ahmednoor akasema, na hakuinua macho.

Kuanzia hapo kalamu zikamkataa. Anachukua biro mpya, haiandiki. Anampa Zilpa, inaandika. Anachukua tena, imekauka. Na wateja wakaanza kumwambia mambo. Asante kwa jana, mama. Siku hizi umekuwa mpole. Siku hizi hukatai.

Zilpa mwenyewe alikuwa akimcheka mpaka ile siku ya mvua. Mnajua mvua ya Kisii ya mchana, inapiga mabati mtu hasikii. Zilpa amekaa na Kaltuma kwa cherehani, wanakula mahindi ya kuchoma, Kaltuma ananyamaza nyamaza tu, anatabasamu. Zilpa akiangalia barabarani akamwona Kaltuma anakuja amejifunika karatasi ya plastiki, amelowa, kikopo kwapani. Akageuka kwa kiti. Kiti kilikuwa kitupu na hindi liko hapo, halijaumwa hata punje moja, na harufu ya ndizi mbovu na maka iliyosahauliwa wazi imejaa hewani.

Alipoingia, Zilpa akamshika mkono kwanza, ajue kama una joto.

"Mama Fardosa," akanong'ona, "ulikuwa hapa."

"Nani alikuwa hapa?"

"Wewe."

Mvua ikapungua kidogo, na katika ule upungufu, kutoka nyuma ya pazia la duka la Ahmednoor pale ukuta kwa ukuta, Kaltuma akasikia sauti ya mwanamke ikimwimbia mtoto, na ilikuwa sauti yake, ile yake ya kumlaza Fardosa, na pale anapokosea maneno ya wimbo siku zote nayo ikakosea pale pale, na mtoto akacheka, na Ahmednoor naye akacheka, kicheko ambacho Kaltuma hakuwa amekisikia tangu waoane, na akasimama pale na maji yakimtoka nguoni, anataka kuingia na anaogopa kuingia, kwa sababu akiingia amkute huyo mwingine amekaa mahali pake, atamwambia nini, atamwambia toka mahali pangu, na bwana akiuliza pako ni wapi, atasema nini.

Zilpa ndiye alimsukuma. Wakaingia. Fardosa alikuwa amekaa juu ya kaunta, baba yake kando, na mwanamke hayupo.

"Mama," mtoto akasema, "umetoka ukaingia tena?"

Hapo Kaltuma akajua kinachochukuliwa. Si duka. Ni huyo mtoto.

Kesho yake akamwita maalim Uzair, aliyekuwa akiwasomea Kurani watu wenye mashaka hayo. Akaja baada ya swala ya alasiri, mtu mwembamba, hana mbwembwe. Akafunga mlango wa duka, wako yeye, Kaltuma, Zilpa, na Ahmednoor anayetoka jasho huku amemshika mtoto. Akaanza kusoma. Alisoma mpaka pazia likatulia kabisa, hata upepo wa barabarani haulitikisi, na nyuma yake akatoka Kaltuma wa pili. Zilpa anasema uso ni huo, urefu ni huo. Ila alikuwa kama mtu aliyelala vizuri maisha yake yote.

"Salaam aleikum," akasema kwa upole. Maalim hakumjibu.

"Mpeni kila mmoja kazi yake," maalim akasema. "Mwenye duka ajulikane."

Wakaweka jezi kwa meza na kikopo cha kalamu. Yule wa pili akachukua limaka kubwa, akaandika Kaltuma juu ya jezi iliyokunjamana, na wino ukakimbia kwa nyuzi ukawa kama buibui aliyekanyagwa. Kaltuma akavuta jezi juu ya kibao, akaikaza, akachagua maka ya nguo, akaijaribu kwa kitambaa. Haikuandika. Akaandika hivyo hivyo bila wino, herufi zake zikabaki mikunjo tu kwa nguo.

Maalim akatazama hizo mbili. "Nimeona," akasema. "Hata mtu asiyejua kitu ameona." Akamgeukia Ahmednoor. "Sasa wewe uliyemkaribisha. Alikuja vipi?"

Ahmednoor akajikaza, akashindwa. Maneno yakamtoka.

"Nilitaka msaidizi tu. Huyu kila siku ni hapana. Hii kalamu hapana, huyu mtu hakuulizwa, hapana. Mtu wa Birongo akaniambia kuna msaidizi. Mke wa nyumba aandike jina lake kwa ile ngozi, kwa kalamu isiyotoka."

Kaltuma akamgeukia. "Nami ndiye nilikuchagulia hiyo kalamu," akasema. "Mchana kutwa. Wewe umekaa hapo unaniangalia."

Ahmednoor akamhamishia mtoto bega la pili.

"Ngozi za namna hiyo nazijua," maalim akasema. "Hazioshwi, hazichomeki. Lakini kuna neno moja linalomtoa huyo mgeni. Wewe mwenye nyumba, mbele yetu, mwonyeshe mkeo kwa kidole, useme huyu ndiye. Yule mwingine hatakuwa na mahali pa kukaa. Basi. Hakuna kingine."

Wakangoja. Nje boda boda zinapiga kelele, mtu anauza mkate. Kaltuma hakumsihi. Alimwangalia tu, na Zilpa anasema hata alikuwa ameanza kutabasamu, kama mtu anayejua jibu.

Ahmednoor akamwangalia mkewe, amechoka, kitambaa kimepauka, vidole vina madoa ya wino. Akamwangalia yule mwingine.

Akainua kidole.

"Huyu," akasema. "Huyu ndiye mke wangu."

Hakuwa amemwonyesha Kaltuma.

Yule wa pili hakucheka wala hakupiga kelele. Alienda tu akakaa kwa kiti cha kaunta, akanyoosha rinda lake, kama mtu amefika nyumbani. Maalim akafunga kitabu.

"Siwezi kumtoa mgeni ambaye mwenye nyumba anamtaka," akamwambia Kaltuma polepole. "Lakini mtoto hayumo. Jina lake haliko kwa ngozi. Mchukue saa hii, usingoje."

Kaltuma akanyoosha mikono. Fardosa akaangalia kwa kiti, akaangalia mikono iliyonyooshwa.

"Wewe ni mama gani?" akauliza.

Kaltuma akasogea mbele. Akamnyakua kutoka mikono ya baba yake, akatoka naye bila viatu vya mtoto, bila kikopo, Zilpa akiwafuata nyuma.

Akahamia Masimba kwa ndugu yake Haron, akawa anauza maziwa na maandazi. Mkono wake ulirudi ukaandika, lakini hakutaka tena. Duka la mjini likanawiri. Kila saini mtu anataka, iko, hata za watu waliokufa. Na Zilpa, kabla hajahamisha cherehani yake kutoka hapo, alimwona Ahmednoor anakauka siku baada ya siku, shati linaning'inia, na mkono wa kulia unatetemeka kama wa mzee.

Jioni moja Kaltuma anakaanga, simu ikalia. Ni Ahmednoor. Anaongea chini chini kama yuko chini ya meza.

"Mama Fardosa. Njoo na maalim. Nimekosa. Hanipi usingizi. Ananishika mkono huu anaandika nao, mkono wangu mimi, majina ya watu, hautulii. Nitasema. Mbele ya wote nitasema."

Kaltuma akapunguza moto. "Ukiulizwa mkeo ni nani, utasema nini?"

"Ni wewe. Wallahi ni wewe. Ni wewe tu tangu zamani."

Akalia huyo mwanamume, na Kaltuma, jamani, moyo ni nyama. Akatoa leso kwa msumari, akajitupia mabegani, akamwashiria wifi yake amshikie mtoto. Mguu mmoja ulikuwa tayari nje ya mlango.

Ndipo ndani ya simu, mbali kidogo, akasikia sauti yake mwenyewe ikiuliza kwa upole, "Baba Fardosa, unaongea na nani?"

Simu ikakwaruza, kama imefunikwa na mkono.

"Hakuna mtu," Ahmednoor akasema. "Ni mtu amekosea namba."

Kaltuma akarudisha leso kwa msumari. Akakaa, akageuza maandazi kabla hayajaungua.

Haya, imetosha. Zimeni hiyo taa, na wewe wa mwisho funga mlango vizuri. Laleni sasa.