Dereva Hajapatikana

Jumatano, tarehe 14 Mei 2025. Asubuhi hiyo mji wa Tabora uliamka na baridi ya kukunja vidole. Mvua zilikuwa zimekwisha, upepo mkavu ulikuwa umeanza kupita katika vichochoro vya Chemchem, na ukungu mwepesi ulikuwa bado umelala juu ya mabati.

Levina, mwanafunzi wa darasa la sita, alifagia uwanja, akachota maji, kisha akaingia ndani kumsalimu bibi yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeamkaje?"

"Salama."

Hakuamka salama. Tangu jana jioni moyo wake ulikuwa mzito, kwa sababu alikuwa amegusa kitu alichokatazwa.

Mama yake, Gaudensia, alikuwa fundi cherehani huko Kanyenye. Aliacha shule akiwa msichana mdogo, na sasa alikuwa anasoma masomo ya jioni ili afanye mtihani wa maarifa, ule wa watu wazima wanaotaka kuendelea na sekondari. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alisali, akafungua kompyuta mpakato ya zamani aliyoachiwa na marehemu mumewe, akaiunganisha na mtandao wa simu yake bila waya. Kisha alipakua masomo yaliyotumwa na mwalimu wake, Elieth. Kompyuta hiyo ilikuwa nzito kama tofali. Ilitumia mfumo huria, ule unaotengenezwa na watu wa kujitolea na kutolewa bure, na wenye moyo mwema walikuwa wameutafsiri kwa Kiswahili. Ndiyo maana hata bibi aliweza kuusoma.

Asubuhi hiyo kompyuta iliwaka, feni yake ikakoroma, na maandishi yakatokea katikati ya kioo. Bibi Koleta, aliyekuwa karibu akimenya viazi vitamu, aliyasoma polepole kwa sauti.

"De-re-va ha-ja-pa-ti-ka-na."

Kikombe kikamponyoka Gaudensia. Chai ikamwagika mkekani, wala hakuna aliyeinama kuifuta.

Mathias, baba yake Levina, alikuwa dereva wa lori. Masika ya mwaka juzi lori lake lilisombwa na maji kwenye barabara ya magharibi, ile inayofuata njia ya zamani ya misafara kuelekea Ujiji. Mwenye lori alipiga simu na kusema maneno machache tu: "Gari limeonekana. Dereva hajapatikana." Baadaye walimpata, wakamzika. Lakini maneno yale hayakuzikwa pamoja naye.

"Mathias," Gaudensia alinong'ona akikitazama kioo. "Unataka nini, baba Levina?"

"Babu wa babu yangu alibeba pembe za ndovu kwenda pwani, asirudi," bibi alisema. "Njia ile ya misafara imemeza watu wengi, mwanangu. Anayefia njiani hukaa akitafuta mlango wa kwao."

Levina alisimama mlangoni. Yeye alijua. Jana alitaka kuweka mchezo wa magari, kompyuta ikamwambia nafasi haitoshi. Akaanza kufuta programu asizozijua. Moja ilikuwa na jina refu la herufi na namba zisizosomeka, akasema moyoni, "Hii haina kazi." Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika. Akabonyeza "Ndiyo", akaingiza nywila ambayo alikuwa amemwona mama yake akiiandika.

Angeweza kusema palepale. Lakini mama alikuwa amemkanya mara nyingi asiiguse kompyuta ile, na hofu ikamziba mdomo. "Nitasema kesho," alijiambia.

Gaudensia aliifunga kompyuta bila kuizima, akaifunika kwa khanga kama mtu anavyofunika maiti. "Basi," alisema. "Hataki nisome. Nimeelewa."

Jioni hiyo hakwenda darasani. Vitabu vyake alivirudisha kwenye sanduku, akakaa akishona vifungo.

Habari haikukawia kufika shuleni. Kesho yake, wakati wa mapumziko, Festo, aliyekaa dawati moja na Levina, alimchokoza.

"Ati kompyuta yenu ina jini? Mwambie anifanyie hesabu za sehemu."

"Jini anayejua hesabu atakaa Chemchem kufanya nini?" mwingine akadakia. "Si angekuwa mhasibu?"

Watoto walicheka. Levina alijaribu kucheka nao, akashindwa.

Nyumbani mambo yalizidi kuwa mabaya. Kompyuta ilikuwa bado kwenye chaji, na taa yake ndogo ilionekana kupitia khanga, ikiwaka na kufifia, ikiwaka na kufifia, kama kifua cha mtu anayepumua. Koti la baba lilining'inia kwenye msumari juu yake. Kila lori lililofunga breki barabarani lilimfanya Levina ageukie mlango. Akaanza kujiuliza: je, kama ni kweli? Je, kama ni baba aliyeushika mkono wangu ukabonyeza? Alijua alichokifanya, na bado aliogopa. Uongo wake ulikuwa umemgeukia yeye mwenyewe.

Jua lilipokuwa linazama siku ya Alhamisi, alimsikia mama akisali chumbani, sauti imekatika.

"Nisamehe, baba Levina. Nilidhani ungefurahi nikisoma. Sitasoma tena. Pumzika."

Levina aliuma upindo wa gauni lake asitoe sauti. Hata hivyo hakusema.

Ijumaa alasiri jumuiya ya majirani Wakatoliki ilifika nyumbani kwao, kwa kuwa Mei ni mwezi wa rozari na zamu ilikuwa yao. Bibi alikuwa amekwisha kuomba kwamba baada ya sala kompyuta ichukuliwe ikachomwe moto.

"Tumsifu Yesu Kristo!" mwenyekiti, Mzee Dionis, alibisha.

"Milele, amina. Karibuni."

Nyuma ya wanajumuiya aliingia Mwalimu Elieth, vumbi la mtaa wa Gongoni likiwa bado miguuni. "Nimekuja kumtafuta mwanafunzi wangu," alisema. "Mama Levina, umepotea! Fomu za mtihani tunazipeleka Jumatatu."

"Mwalimu, niondoe," Gaudensia alijibu bila kuinua uso. "Mwenye nyumba hii amekataa."

Mwalimu Elieth alitaka kuuliza, lakini Mzee Dionis alikuwa amekwisha kupiga ishara ya msalaba. "Tuanze na nia zetu," alisema. "Tumwombee Mathias, aiache familia yake kwa amani."

Levina aliwatazama watu wote wale waliopiga magoti, wakimwomba baba yake aache jambo ambalo hakulifanya. Akahisi kama anamsingizia mtu asiyeweza kujitetea.

"Si baba!" alilia. "Msimwambie hivyo! Ni mimi. Mimi ndiye niliyefuta."

Rozari zikasimama vidoleni. Kwa machozi akaeleza yote: mchezo, nafasi, jina refu, na kile kitufe cha "Ndiyo".

Mwalimu Elieth alifunua kompyuta, akasoma maandishi, akashusha pumzi. "Mama Levina, dereva huyu si mtu. Katika kompyuta, dereva ni programu ndogo inayoendesha kifaa fulani. Kifaa cha kunasa mtandao kimo humu ndani, kizima kabisa. Dereva wake ndiye aliyefutwa. Kompyuta inamtafuta, haimpati."

"Kumbe!" Mzee Dionis alishangaa. "Na anarudishwaje?"

"Anapakuliwa mtandaoni."

"Na mtandao ndio haupo! Mwalimu, huko si kufungia ufunguo ndani ya nyumba?"

"Ndivyo, mzee. Basi tutapitia dirishani."

Alichukua waya wa kuchajia simu, upande mmoja akauchomeka kwenye simu ya Gaudensia, upande wa pili kwenye kompyuta. Mtandao ukapita ndani ya waya. Dereva wa kwanza aliyemweka hakufanya kazi, maandishi yaleyale yakarudi, na bibi akajishika kifua.

"Wako wengi wanaofanana," alisema Mwalimu Elieth. "Levina, lile jina refu, unalikumbuka?"

Levina alifumba macho, akataja herufi alizozikumbuka, na namba ya mwisho. Mwalimu akatafuta, akapata, akaweka, akaizima kompyuta na kuiwasha upya. Feni ikakoroma. Bibi akasogea, akasoma:

"U-me-u-nga-ni-shwa."

Wanawake wawili wakapiga vigelegele. Gaudensia hakupiga. Alimgeukia binti yake.

"Ulikuwa unanisikia nikilia, Levina?"

"Ndiyo, mama."

"Ukanyamaza?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

Mama alimvuta, akamkumbatia kwa nguvu kiasi cha kumuumiza, akalia kilio kipya, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo.

Bibi Koleta alijifuta macho kwa upindo wa khanga. "Na mimi nina kosa," alisema. "Nilikimbilia kuwauliza wafu kabla ya kuwauliza walio hai. Lakini wewe, mjukuu wangu, sikiliza. Kufuta kitu kwa kutojua ni kosa la mkono, nalo linarekebishika. Umeona limerekebishwa kwa waya wa simu. Kunyamaza huku unaona wenzako wanaumia ni kosa la moyo, na hilo halina waya. Ukweli ungeusema Jumatano, mama yako asingekosa darasa hata moja, na marehemu baba yako asingebebeshwa lawama."

"Bibi amesema," Mzee Dionis alikubali. "Sasa tutamwombea Mathias kwa sababu tunampenda, si kwa kumwogopa. Lakini kwanza, binti, simama hapa katikati. Neno lililosemwa mbele ya watu lina mashahidi."

Levina akasimama katikati ya mkeka. Akanyoosha mgongo, akasema:

"Mimi Levina, binti wa Mathias, naahidi mbele ya mama, bibi, mwalimu na jumuiya yote: nikiharibu kitu, nitasema mwenyewe, kabla mtu mwingine hajalia kwa ajili ya kosa langu."