Magurudumu Yaliyoutazama Mlango

Magurudumu ya mbele ya kigari hayakutaka kunyooka. Joël aliyanyoosha kwa kidole, akawasha telekomande ya kukiendeshea kwa mbali, nayo yakageuka tena kushoto, kuuelekea mlango wa barabarani. Akadhani ni kosa lake, maana fundi mzuri hujilaumu mwenyewe kwanza, na Joël alikuwa fundi mzuri, ingawa kwa ubishi hakuna aliyemfikia katika mji mzima wa Kasongo.

Kigari chenyewe kilitengenezwa kwa mchezo, lakini mwenye kigari alikuwa amekipatia kazi. Kilikuwa na matairi manene ya kupanda mawe. Huko Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, kilifungwa taa na simu mgongoni na kamba nyuma, kikatangulizwa kwenye njia nyembamba za chini ya ardhi, watu wakaangalia picha kabla mchimbaji hajajipenyeza. Mwenye kigari na shimo aliitwa Ilunga. Kule mwenye shimo wanamwita PDG, mkurugenzi mkuu, utadhani ana ofisi. Mawe yalikuwa yamevunja baadhi ya meno ya plastiki ya servo, ile mota ndogo inayogeuza usukani. Basi Ilunga akakituma kigari Kasongo kwa pikipiki, pamoja na servo nyingine yenye nguvu na meno ya chuma, imefungwa ndani ya soksi. Alisema tu kwamba imetoka kwenye kigari cha zamani.

Joël alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kufunga mkono wa usukani unawasha umeme, unaiacha mota itafute katikati yake, ndipo unaufunga mkono ukiwa umenyooka. Ukianza na mkono, kigari kitakwenda upande maisha yake yote. Aliiacha itafute. Ilitafuta kwa muda mrefu kuliko kawaida, ikilia kwa sauti nyembamba, kisha ikatulia. Akakaza skrubu. Magurudumu yakautazama mlango.

Akafungua, akarudia kazi yote. Yakautazama mlango.

Ndipo akafanya jambo ambalo baadaye alitamani asingelifanya. Alikizungusha kigari kizima juu ya meza, pua ikaelekea ukutani. Magurudumu yakalia kidogo, yakajipinda upande wa pili mpaka mwisho wake, yakautazama mlango uleule.

"Eh," alisema Joël polepole. "Hii mashini iko na kichwa nguvu."

Akachomoa batri, akaiweka mbali. Mlango ule ulitazama mashariki, barabara ya Kabambare, na mbele zaidi Salamabila. Hakutaka kuliwaza hilo, lakini alikuwa ameshaliwaza.

Ulikuwa mchana mweupe wa kiangazi, vumbi limejaa hewani, na kutoka sokoni zilisikika kelele za watu wakigombania bei. Hata hivyo chumba kikaanza kunuka udongo mbichi, ule wa chini kabisa usiowahi kuona jua. Joël akakagua sakafu. Ilikuwa kavu.

Mke wake, Chancelle, alikuwa uani akitwanga sombe, majani ya mihogo. Alizaliwa Salamabila katika familia ya wachimbaji, na kaka yake Pitchou alichimba kwenye shimo la Ilunga mpaka msimu wa mvua uliopita, simu yake ilipozimika. Ilunga aliwaambia ndugu kwamba Pitchou amekwenda kutafuta dhahabu Lulingu bila kuaga. Chancelle hakuamini wala hakukataa. Kila asubuhi alimpigia, akaisikiliza ile sauti inayosema namba haipatikani, akairudisha simu kwenye pindo la kitenge na kuendelea na kazi. Matanga hayakufanyika. Mtu aliyekwenda Lulingu haliliwi.

Kisha kugonga kukaanza. Ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko. Kulitoka chini ya kigari, kana kwamba ndani ya ubao wa meza mtu alikuwa akigonga jiwe kwa jiwe.

Chancelle akaja kusimama kwenye mlango wa uani, mchi mkononi.

"Baba Sagesse," alisema kwa sauti ya chini, akimwita kwa jina la binti yao aliyekuwa shuleni. "Nani iko anagonga?"

"Hakuna mutu. Ni servo, inanisumbua."

"Servo inagonga hivi? Hii ni kugonga ya mutu wa shimo."

Machimboni, shimo likiziba, aliye chini hugonga jiwe mara tatu, na yeyote aliye juu akisikia, hata mama anayepita na mihogo yake, lazima ajibu mara tatu, ili yule wa chini ajue amesikika na asikate tamaa. Watoto wa kule hufundishwa hilo kabla ya kufundishwa kuhesabu. Chancelle hakufikiri. Aliinua mchi akaugonga mguu wa meza: ko, ko, ko.

Kukawa kimya hata sokoni, au labda masikio yao ndiyo yaliyoziba. Ndipo kugonga kukarudi, si mara tatu tena bali mfululizo, kwa pupa, kama mtu aliyekaa gizani muda mrefu halafu ghafla akasikia jina lake, na magurudumu yakaanza kutetemeka huku na huku bila umeme wowote, batri ikiwa pale mezani mbele ya macho yao, na meno ya chuma yakasaga kitu ambacho Joël alijua hakikuwamo alipoifunga servo, na harufu ya udongo ikazidi mpaka wakaionja kwenye ulimi, na kigari kikaanza kujivuta kidogo kidogo, kikisukuma bisibisi na skrubu mbele yake, kikafika ukingoni, kikaanguka, kikajiinua, kikaenda mpaka kizingitini na hapo kikasimama, pua nje, kikingoja kufuatwa.

Joël alimpigia Ilunga.

"PDG, hii servo ulitoa wapi?"

"Ulishafunga?"

"Nakuuliza ulitoa wapi."

Nyuma ya Ilunga pampu ya maji ilinguruma. "Ilitangulia mbele ya Pitchou," alisema mwishowe. "Mawe ikaanguka. Tukavuta kamba, gari ikatoka. Yeye hakutoka. Kama ningesema, wangefunga shimo yangu. Unisamehe, fundi."

Chancelle, aliyesogeza sikio kwenye simu, alikuwa amesikia yote. Hakulia. Aliuweka mchi chini taratibu, akaanza kukaza kitenge kama mtu wa safari.

"Iko muzima," alisema.

"Mama Sagesse, tangu wakati wa mvua?"

"Umesikia na masikio yako. Kaka Pitchou iko anagonga. Mimi nakwenda. Hii gari itanionyesha fasi iko."

Joël aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Alimjua mkewe. Akipanda pikipiki kwenda Salamabila, hatasimama mdomoni pa shimo kulia kama wanawake wengine. Ataingia, akifuata magurudumu yale, na mawe yaliyomfunika kaka yake yatamfunika na yeye. Akamshika mikono yote miwili, akamsihi amngoje mpaka jua lishuke. Chancelle akakubali kwa kichwa, macho yake yakiwa kwenye kizingiti.

Joël alikuwa mwimbaji wa kwaya ya kanisani, tena wa mstari wa mbele. Lakini Kasongo, kwa mambo ya majini, wanakwaya nao wanaujua mlango wa nyuma wa mwalimu wa Kurani. Alimkuta Mwalimu Souleymane karibu na msikiti, akamweleza mbio mbio, na mzee akaja bila maswali. Alipofika hakukiruka kigari. Alizunguka akapita uani.

"Maiti haigongi meza ya watu," alisema baada ya kusikiliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, na wao wakainama kumsikia. "Kijana alishakufa, Mungu amurehemu. Huyu ni jini wa shimo. Alikuwa pale siku ile, akashika kugonga ya huyo kijana, vile mutoto anashika wimbo. Sasa iko anatafuta mwingine." Akawatazama. "Niambieni kweli. Kuna mutu alijibu?"

"Hakuna," alisema Chancelle.

Joël akamgeukia. Macho ya mkewe yalimwomba, na yeye akayaelewa vibaya, akadhani ni aibu tu. Isitoshe, mwanamume atamwitaje mkewe mwongo mbele ya mgeni wa heshima? Heshima yake hiyo! Mtu angetamani kumtikisa mabega. Lakini Joël akanyamaza.

"Vizuri," alisema mwalimu. "Kama hajajibiwa, anakaa kwenye chuma tu. Tutamutoa. Akijibiwa, anaacha chuma, anafuata mutu."

Ubani ukawashwa, chumvi ikamwagwa kizingitini, na mwalimu akasoma mpaka jasho likamtoka. Joël akafungua skrubu. Servo ilimtetemekea kiganjani, baridi kama kitu kilichotoka ndani ya maji, na alipoifunga kwenye kitambaa cheupe ikatulia. Ilitulia upesi mno. Mwalimu alikunja uso, akaushika mkono wa Joël kama anayetaka kuuliza tena, kisha akauachia. Jioni ileile Joël alifika mto Lualaba, akaitupa mbali kwa nguvu zake zote.

Alikirudishia kigari servo ya zamani, dhaifu na yenye meno pungufu. Magurudumu yakatazama mbele. Joël alikaa chini akacheka peke yake, kisha akalia kidogo.

Pitchou akafanyiwa matanga bila mwili. Ilunga alikuja mwenyewe, akapiga magoti mbele ya ndugu, akasema shimo ameliziba. Chancelle alilia kama watu wote, na tangu hapo hakuipiga tena ile namba. Joël alifurahi. Akasema uchungu umeanza kupoa, akarudi kwenye kwaya yake na ubishi wake.

Siku moja mchana alikuwa akitengeneza redio, na Chancelle ameketi kwenye kigoda mbele yake akichambua maharage. Waliongea juu ya viatu vya Sagesse vilivyotoboka. Mke wake alicheka, uso wake ukimwelekea, na Joël akaangusha macho bila sababu, akaona miguu. Yote miwili ilikuwa imeelekea mlangoni.

"Mama Sagesse," alisema taratibu, "geuza kigoda. Jua inakupiga."

Chancelle akainuka, akakigeuza kuelekea ukutani, akaketi. Vidole vya miguu vikatetemeka kwanza. Kisha nyayo zikaanza kusogea sakafuni, polepole, kwa miruko midogo ya mota inayotafuta katikati yake, na ngozi ya vifundo ikajikunja, na yeye akiendelea kuchambua maharage, mpaka miguu yote miwili ikautazama mlango. Chumba kikanuka udongo mbichi.

Chancelle akainua macho, akajua kwamba ameonwa.

"Usimuambie mwalimu," alinong'ona. "Ni kaka yangu."

Akachukua kijiko, akagonga ukingo wa bakuli la maharage mara tatu, kwa upole, kama anayemwambia mtu asichoke kungoja.