Viatu vya Batchuluun

Kila asubuhi Anujin alikunywa chai ya maziwa yenye chumvi huku Bibi Tsermaa akimsuka nywele. Waliishi wawili tu kwenye ghorofa ya nne mjini Ulaanbaatar, kwa sababu wazazi wake walifanya kazi mgodini, mbali kusini. Siku moja Bibi alimuuliza kama amemaliza kile kitabu cha shule. Anujin akajibu kwamba kimebaki kidogo. Kweli yenyewe ni kwamba alikuwa amesoma kurasa tatu.

Kilikuwa kitabu chembamba chenye michoro, kilichoandikwa kwa ajili ya watoto. Kilisimulia majira ya baridi ya mwaka 1990, watu walipojaa katika uwanja mkuu wa mji wakidai vyama vingi, na baadhi yao wakagoma kula mpaka viongozi wakakubali kung'atuka. Mwalimu Dulamsuren alikuwa amegawa vitabu vya aina hiyo kwa darasa zima, kila mmoja asome chake kisha awaeleze wenzake.

Zamu yake ilipofika, Anujin alisimama akarudia maneno yaliyoandikwa nyuma ya jalada. Yakaisha upesi. Temuulen, msichana aliyekaa dawati la nyuma, akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Jalada amelisoma vizuri kweli." Darasa likaangua kicheko.

Uso wa Anujin uliwaka moto, na kabla hajajizuia akasema, "Mimi nayajua hayo hata bila kitabu. Bibi yangu alikuwepo uwanjani. Aligoma kula."

Kicheko kikakatika. Mwalimu alifurahi mno, akaomba Bibi aje Ijumaa awasimulie wanafunzi.

Jioni Anujin alimkuta Bibi jikoni akikunja buuz, akijaza nyama ya kondoo katika vipande vya unga uliokandwa na kuvifinya juu. Alizungukazunguka meza, mwishowe akamweleza yote. Akamsihi Bibi akubali tu, aseme alikuwepo. Nani angejua?

Bibi hakugomba. Aliuliza kitabu kinasemaje kuhusu siku hizo. Anujin akainamisha kichwa.

"Basi kilete," Bibi alisema. "Mimi nakunja, wewe unanisomea."

Anujin akasoma. Mwanzoni alisoma kwa kutimiza wajibu, lakini kufika katikati alikuwa amesahau hata njaa. Walipofikia mchoro wa vijana waliosimama kwenye theluji, mikono ya Bibi ikatulia.

"Mdogo wangu Batchuluun, huyu unayemwita Mjomba, alikuwa pale," akasema. "Alikuwa na miaka kumi na tisa. Mimi nilikuwa nashona kwenye kiwanda cha nguo, na msimamizi wetu alituonya tusionekane huko. Nikaogopa watampiga risasi ndugu yangu. Asubuhi moja nikavificha viatu vyake vya baridi nyuma ya gunia la unga."

"Kwa hiyo hakwenda?"

"Alikwenda. Alivaa viatu vya mama yetu, vidogo, vinambana. Akasimama navyo kutwa nzima kwenye ule ubaridi. Aliporudi, vidole viwili vya mguu vilikuwa vimekufa. Unamwona anavyochechemea? Mimi ndiye sababu."

Anujin siku zote alidhani Mjomba aliangushwa na farasi. Akamfuta Bibi unga uliokuwa shavuni, akaendelea kusoma mpaka ukurasa wa mwisho.

Ijumaa Bibi alivaa joho lake la hariri la bluu, akaketi mbele ya darasa. Lakini Anujin alisimama yeye kwanza.

"Nilidanganya," alisema. "Bibi hakuwa uwanjani, na mimi kitabu sikuwa nimekisoma. Sasa nimekisoma chote. Bibi amekuja kusema alichofanya kweli."

Bibi akasimulia, bila kuruka habari ya gunia wala ya vidole. Hakuna aliyecheka. Temuulen ndiye aliyenyoosha mkono, akauliza kwa upole kama Mjomba aliwahi kumsamehe.

"Siku ileile, mwanangu. Nilikuwa nimeiweka miguu yake mapajani naikanda, nalia. Yeye anacheka, ananiambia mambo yatabadilika. Mimi ndiye niliyechelewa kujisamehe. Nimekaa miaka yote hii sijamwambia mtu, mpaka juzi mtoto huyu aliponisomea."

Mwalimu Dulamsuren akamwambia Anujin kwamba angemwadhibu kwa uongo wake, ila amejirekebisha mwenyewe mbele ya wote, na hilo ni gumu kuliko adhabu.

"Lakini sikilizeni nyote," akaendelea. "Anujin alitaka kumfanya bibi yake shujaa wa uongo, akakaribia kutunyima habari hii ya kweli. Waliokuwa uwanjani walikuwa na dada na mama nyumbani wakitetemeka kwa hofu, na hao pia ni sehemu ya historia yetu. Someni vitabu hivi mpaka mwisho, kisha mwende nyumbani mkaulize. Na mtakachoambiwa, mkilete hapa kama kilivyo."

Kengele ilipolia, wanafunzi hawakukimbilia mlangoni. Walimzunguka Bibi Tsermaa, kila mmoja na swali lake, na Anujin akasimama kando yake amemshika mkono.