Saa Nne ya Mwaluko

Kinasanyuzi kilikuwa hakijawahi kushindwa. Kipe sauti ya mtu aliyepotea popote duniani, ataje jua na saa tu, nacho kitakuambia alipo kabla hujapepesa macho. Kisha vipungu vya chuma huruka vyenyewe kwenda kumchukua.

Mchana ule, pale Dodoma, sauti ilikuwa ya Mwaluko, rubani wa anga, mume wa Injinia Chausiku aliyekibuni kinasanyuzi chenyewe. Chombo chake kilianguka baharini usiku, redio ikaharibika, na ujumbe ukachelewa sana kwenye setilaiti.

"Mama Sechelela, mimi mzima. Chombo kinavuja, kitanihimili kidogo tu. Jua liko utosini kabisa, na saa yangu ya nyumbani inasema saa nne. Njooni basi, msichelewe kama ulivyochelewa siku ya harusi!"

"Kwake adhuhuri, kwetu saa nne," kinasanyuzi kikasema. "Tofauti ni saa nane. Dunia huzunguka nyuzi kumi na tano kila saa, basi ni nyuzi mia na ishirini. Ukianzia nyuzi arobaini na tano, mstari wa saa zetu, yuko nyuzi mia na sitini na tano mashariki. Leo jua liko juu ya Ikweta, naye yuko hapo hapo."

Vipungu vikaondoka kwenda Pasifiki. Chausiku akacheka kwa raha. "Mimi ndiye nilichelewa? Akirudi atanitambua!"

Vilipofika, maji matupu. Vikazunguka, vikazunguka, wapi. Ndekirwa, mwenzake wa zamu, akammiminia chai.

"Kunywa, dada. Umekaa hapo tangu saa saba."

Kikombe kikamponyoka. Saa saba! Kinasanyuzi alikifundisha Kiswahili chote, hata matusi, lakini saa aliziacha za kiofisi, zinazohesabiwa tangu usiku wa manane. Mwaluko alihesabu tangu macheo, kama sisi sote. Angesema "saa nne asubuhi" kingemwelewa, maana nne ya kiofisi ni usiku bado; lakini nani ataita asubuhi na jua liko utosini?

"Ni saa mbili, siyo nane!" akapiga kelele. "Nyuzi thelathini tu! Yuko Bahari ya Hindi, nyuzi sabini na tano! Jamani, virudisheni!"

Vilikuwa vimempita kwa nyuzi tisini, robo nzima ya dunia. Vikageuka kwa kasi yote, na hata hivyo vikakuta kofia yake ya urubani tu ikielea, kinasasauti kikiwa ndani. Vikaileta Dodoma, Chausiku akakiwasha.

"Mama Sechelela, maji yamenifika kifuani. Hamjaja, basi nimekosea hesabu mimi. Unanijua na hesabu zangu. Usiwagombeze wenzako. Msalimie mtoto."

Ndekirwa akanyoosha mkono azime. Chausiku akamshika mkono.

"Hukukosea, Baba Sechelela," akakiambia kinasasauti, machozi yakimtiririka. "Hukukosea, mume wangu. Saa yako ilikuwa sawa."

Akairudisha sauti mwanzo, akamwambia tena.