Hatua Arobaini Nje ya Mpaka

Habari hii nimeigawa mafungu mawili: niliyoyaona kwa macho yangu na niliyoelezwa. Nimesomea sheria, sina desturi ya kuyachanganya.

Mjomba wangu, Wilfred Tapsell, aliishi katika kijiji cha Orlestow. Huko, kila mwezi wa Mei, kasisi huwaongoza watu kuizunguka mipaka ya parokia, wakiyachapa mawe yake kwa fimbo za mierebi. Mipaka hiyo imo katika hati ya Mfalme Eadred, aliyelipatia kanisa ardhi ile zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Hati inamalizika kwa laana: atakayesogeza jiwe, mlango wake na umkimbie.

Mjomba aliamini kwamba tumetokana na mmoja wa mashahidi wa hati hiyo. Kasoro ilikuwa moja tu: nyumba yake ilikuwa hatua arobaini nje ya mpaka, na kilabuni walimwita Mgeni wa Mfalme. Jioni ya kuamkia matembezi alinipigia simu akicheka. Alikuwa amelibeba jiwe la mpaka kwa toroli hadi mwisho wa bustani yake, nyuma ya nyumba. Nilimweleza kwamba kuhamisha jiwe si kuhamisha mpaka.

"Hiyo sheria yenu ya juzi, mjomba," alinijibu.

Ipo desturi ya kumpindua mtu mmoja, miguu juu, na kumgusisha kichwa kwenye jiwe ili asiusahau mpaka. Mwaka ule alijitolea yeye, kwenye jiwe lilelile alilolihamisha. Vifundo vya miguu yake nilivishika mimi. Hilo ni la kuona.

Tulipomsimamisha, mkewe, Hester, alikuwa kwenye mlango wa nyuma na birika la chai. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limewaka. Mjomba akaanza kwenda nyumbani. Akatembea. Akaendelea kutembea. Nilihesabu hatua hamsini. Bustani ile haizidi thelathini. Alikuwa bado hajaufikia mti wa tufaha.

Akasimama. "Hester," akasema taratibu, "mbona unaondoka?"

Hester hakuwa ameondoka.

Mjomba akapinda nyuma ya ua wa miti. Upande wa pili hakutokea.

Jiwe tulilirudisha siku ileile. Haikusaidia. Mbwa wa polisi waliizunguka nyumba mara tatu, kisha wakalala chini na kukataa kuinuka.

Miaka saba imetimia. Sheria sasa inaruhusu atangazwe kuwa amekufa, nami niliandika kiapo. Hester alinizuia. Alinieleza kwamba kila asubuhi yenye umande nyayo huizunguka nyumba, huukaribia mlango, kisha hupinda. Kwa hiyo mlango anauacha wazi.

"Bado anatafuta njia, mwanangu," alininong'oneza. "Utaapa vipi?"

Nilimshuku jirani. Mwezi uliopita niliweka kiti kwenye mlango ule na kukaa tangu alfajiri. Saa kumi na mbili na robo majani yalikuwa meupe kwa umande, hayana alama. Niliinama kuandika saa. Nilipoinua kichwa, nyayo zilikuwepo. Viatu vikubwa. Vimezunguka nyumba nzima. Jozi ya mwisho ilikuwa hatua moja mbele ya kiti, ncha zimenielekea.

"Mjomba?"



Kiapo sijakitia sahihi. Nimepima uwezekano wa upepo, wa mzaha, wa usingizi, hakuna unaotosha. Jioni ile, nilipovua soksi, kila kifundo cha mguu wangu kilikuwa na alama za vidole vinne na gumba, mahali palepale nilipomshika yeye. Majuma matatu yamepita. Hazijafifia.

Tangu hapo nahesabu hatua kutoka kituo cha treni hadi mlangoni kwangu. Siku ya kwanza zilikuwa mia tatu na kumi. Juzi, mia tatu na sitini.

Jana, mia nne na tisa.