Kompyuta ya Kuuzia Mabalungi

Kila mwaka kabla ya sikukuu ya mwezi mpevu, Su-fen wa mji wa Madou huuza mabalungi ya majirani zake mtandaoni kwa kompyuta. Huonyesha matunda mubashara, hujibu wateja, huandika oda na kuchapa anwani, vyote kwa wakati mmoja. Mwaka jana kompyuta iliganda mara tatu. Mzee Tsai, mkulima asiyemung'unya maneno, akamwambia: ikiganda tena, kazi tutampa mwingine.

Kun-ming, mume wa Su-fen, aliweka juu ya mashine pakiti ya kijani ya vitafunio, kama ofisi zote za huku zinavyofanya ili mashine itulie. Siku ya majaribio iliganda vilevile.

"Labda pakiti imepitwa na tarehe," alisema.

"Uliyepitwa na tarehe ni wewe," Su-fen alimjibu. "Twende kwa Ya-ting."

Ya-ting, jirani yao, ni fundi wa kompyuta. Kun-ming alimwonyesha picha ya prosesa aliyotaka kununua, kile kipande kinachofanya kazi zote za kompyuta.

"Hii ina kasi kuliko zote," alijigamba.

"Kasi ipo, shemeji, ila viini ni vinne tu. Chukulia kila kiini ni mpishi. Wapishi wanne kwa vyungu kumi, hata wakimbie vipi, watazidiwa. Dada anafanya mambo mengi kwa pamoja. Chukueni ya viini kumi na viwili."

"Na madabodi? Nimepata hii ya bei ya kutupa."

"Madabodi ndiyo bao linaloshika vyote. Kwanza tazama soketi, pale prosesa inapokaa. Hii yako haiingiani kabisa na prosesa ninayowaambia. Halafu prosesa kubwa hula umeme mwingi. Bao dhaifu litachemka, na prosesa itapunguza mwendo. Tafuteni lenye vipoza joto vizuri, na nafasi nne za kumbukumbu, mje muongeze baadaye."

Kun-ming alikuna kichwa. "Kumbe ningenunua mapambo."

"Tena ya kutupa," alisema Su-fen.

Walinunua kama walivyoelekezwa, na Ya-ting akaiunda kompyuta mpya.

Siku ya mauzo, Mzee Tsai alisimama nyuma ya Su-fen, mikono kifuani, akisubiri igande. Oda zilimiminika. Printa haikupumzika. Su-fen alicheka na wateja, na picha haikukwama hata mara moja. Alijawa na furaha hadi sauti ikamkauka.

Kufika mchana, ghala la Mzee Tsai lilikuwa tupu.

"Mwakani kazi ni yako," alisema. Kisha akashusha sauti. "Ila mwanangu, hukuniachia hata balungi moja la sikukuu. Nikamwambie nini mke wangu?"