Faili Aliloliita Ghati

Faili la kwanza kurudi halikuwa lake.

Nashoni, fundi kompyuta wa Bomani, alikuwa akihangaika na diski yake mwenyewe, mtumba alioununua mpakani Sirari. Ilikuwa imeanguka sakafuni, na picha zote za marehemu mkewe, Ghati, zilikuwa humo, hana nyingine popote. Akawasha programu ya kuokoa data, mafaili yakarudi moja moja bila majina, namba tupu, hata yale aliyofuta mwenye diski wa zamani.

Lile la kwanza lilikuwa picha ya mwanamke aliyegeuka, mgongo tu. Jamani, upweke mbaya! Nashoni alijua kabisa si mkewe, lakini akalipa faili hilo jina, "Ghati". Baadaye picha za kweli zikarudi, Ghati akicheka harusini, Ghati shambani, naye akalia kwa furaha.

Saa nane mchana, jua linawaka, duka likaanza kunuka udongo mbichi. Akaifungua tena ile ya mgongo. Mwanamke alikuwa amegeuza shingo kidogo.

Shangazi yake Waisiko alifika kumjulia hali kwa bodaboda kutoka kijijini Matongo, akagoma kuingia, akasimama mlangoni.

"Shikamoo shangazi. Karibu ndani."

"Marahaba. Nani huyo nyuma yako?"

Nashoni hakuthubutu kugeuka. Akamweleza yote kwa kunong'ona.

"Mungu wangu! Jina la marehemu tunampa mtoto wa ukoo, ili marehemu arudi nyumbani kupitia kwake. Wewe umempa usiyemjua, umemkaribisha jini! Futa diski yote, mwanangu, amekwisha enea humo."

"Na picha za Ghati?"

"Ziende! Ghati amelala, mwache. Wewe bado u hai."

Nashoni akaweka kidole juu ya kitufe cha kufuta, na harufu ya udongo ikazidi, na pumzi baridi ikamgusa sikio, na sauti ileile ya Ghati iliyokuwa ikimwamsha asubuhi kwa miaka tisa ikasema taratibu, "Baba, usinifute."

"Futa!" shangazi akapiga kelele.

Nashoni akamtazama kwa huruma, kama shangazi ndiye mwenye shida. Akavuta mlango wa bati, akafunga kwa ndani.

Waisiko akagonga mpaka mikono ikauma. Kisha akatega sikio kwenye bati. Ndani, viti viwili vilikuwa vinavutwa karibu.